Namna ya kuandaa tathmini ya mwaka katika chama cha mafundi wajenzi

Katibu wa chama cha mafundi wajenzi anayeandaa tathmini ya mwaka aanze kwa kurudi kwenye nyumba ambazo wanachama wake wamezijenga, tena aende kabla hajafungua faili la mihutasari. Nasema hivi kwa sababu mwaka wangu wa kwanza katika ukatibu nilisoma mbele ya mkutano mkuu taarifa ya kurasa 4 yenye idadi ya vikao, wanachama wapya na misiba tuliyochangia, na wajumbe wakaipokea kwa makofi. Mkutano ulipokwisha, mama mmoja tuliyemjengea, aliyekuja siku hiyo kutuuzia chai na maandazi, alinivuta pembeni akanionyesha kwenye simu yake picha ya ufa uliotoka pembe ya juu ya dirisha la chumba chake, ukapanda mshazari hadi karibu na dari. Nyumba ilikuwa na miezi 7. Tulipokwenda kubandua ripu tulikuta linta, yaani boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya dirisha, imeegemea ukutani kwa upana wa vidole vitatu tu, wakati ilipaswa kuingia angalau milimita 150 kila upande.

Kwa vyama vya Dar es Salaam na Pwani, muda mzuri wa ukaguzi huo ni wiki za mwanzo za Januari, kwa kuwa mvua za vuli zinakuwa zimekwisha kuzipiga kuta na mapaa, na bado kuna nafasi ya kufanya marekebisho kabla masika hayajaanza mwezi Machi. Teueni watu watatu: mwashi, fundi wa paa, na mwanachama mwingine ambaye hakushiriki katika kazi inayokaguliwa. Mpigieni simu mwenye nyumba siku mbili kabla, mwelezeni kwamba hamkuja kudai wala kutafuta kazi mpya, kisha mwombeni awatembeze yeye mwenyewe, maana anayelala ndani ya nyumba ndiye anayejua ni kona gani inalowa.

Kila mnachokiona kiandikwe kwenye daftari pamoja na kisababishi chake, kwa sababu neno “ufa” peke yake halimfundishi fundi yeyote. Ufa mwembamba uliosambaa kwenye ripu kama utando wa buibui mara nyingi hutokana na ripu kukauka haraka bila kumwagiliwa, au na mchanganyiko uliozidishiwa saruji, ilhali ufa unaofuata ngazi za tofali kutoka chini kwenda juu hutaka muuangalie msingi na udongo wake. Unga mweupe unaotokea sehemu ya chini ya ukuta ni chumvi iliyopandishwa na unyevu, kwa hiyo ulizeni kama nailoni ya kuzuia unyevu iliwekwa juu ya msingi na kama mchanga ulichotwa karibu na bahari. Paa likivuja, tazameni kwanza misumari isiyo na mpira na mahali bati zinapolaliana.

Ulizeni pia habari za tofali, tena kwa kina. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ulitoa tofali ngapi za inchi 6? Nani alizimwagilia, na kwa siku ngapi? Zege na tofali huhitaji unyevu wa angalau siku 7 za mwanzo, na uimara wa zege hupimwa kwa kawaida likifikisha siku 28. Fundi anayefikisha tofali 50 kwa mfuko mmoja, kisha akazipanga juani bila maji, amemuuzia mteja mchanga. Najua kwamba mara nyingi ni mwenye nyumba mwenyewe anayelazimisha hesabu hiyo kwa ufinyu wa fedha, na hilo nalo liandikwe, kwa kuwa chama kinaweza kuweka kiwango ambacho mwanachama atakitaja mbele ya mteja bila kuonekana mkaidi.

Je, jina la fundi aliyekosea lisomwe mkutanoni? Kwa maoni yangu lisisomwe. Aitwe mapema na viongozi, aonyeshwe picha, apewe nafasi ya kueleza na apangiwe siku ya kurekebisha. Mkutanoni lijadiliwe kosa la kazi pamoja na namna ya kuliepuka. Chama kinachoaibisha mafundi wake hadharani hakitaonyeshwa tena kazi mbovu mwaka unaofuata, na hapo tathmini nzima hupoteza maana.

Baada ya nyumba, orodhesheni watu walioumia. Msiwaandike wale waliolazwa tu. Aliyekanyaga msumari, aliyeingiwa na saruji machoni na aliyeteleza kwenye mirunda wote waingie, pamoja na siku walizokosa kazi na aliyelipa matibabu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 ili kuwafidia wafanyakazi wanaoumia kazini, lakini saidia fundi anayeitwa asubuhi na kulipwa jioni mara nyingi hakuandikishwa popote, na mzigo wake hubaki kwa familia yake. Mkutano uamue waziwazi kama chama kitatenga akiba ya dharura kwa ajili ya watu hawa hata kama si wanachama, kwa kuwa wao ndio wanaobeba zege letu kichwani.

Katika sehemu hiyo hiyo ulizeni kama kuna mwanachama aliyepokea kazi iliyomzidi uwezo. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, likaua watu na kuwafukia wengine, kila fundi aliyewahi kukubali kuongeza ghorofa kwa maneno ya mdomo alipaswa kujiuliza. Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 haimruhusu mtu asiyesajiliwa kufanya kazi za ukandarasi, na chama kisimtetee mwanachama anayeivunja. Kwa wenye ujuzi wa miaka mingi wasio na cheti, wekeni majina yao pembeni ili wapelekwe VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambako ujuzi uliopatikana nje ya darasa hupimwa na kutambuliwa.

Madeni ya wateja yanatosha kusomwa kwa ufupi: nani hajalipwa, kazi iliishia hatua gani, na kama kulikuwa na makubaliano ya maandishi. Taarifa ya fedha isomwe sambamba na taarifa ya benki, na fedha za kuzikana zisichanganywe na ada.

Siku ya mkutano, akidi ikishatimia na yatokanayo na mkutano uliopita yakishajadiliwa, anzeni na taarifa ya nyumba wakati watu bado wana nguvu ya kusikiliza, kisha majeruhi, kisha fedha, na uchaguzi uje mwisho, maana uchaguzi ukitangulia nusu ya wajumbe huondoka. Kila azimio liandikwe pamoja na jina la mhusika na tarehe ya kulikamilisha kabla ya masika, na wale watatu waliokagua ndio warudi kuthibitisha.

Dirisha la yule mama lilifunguliwa mwezi Februari. Tulitegemeza ukuta kwa mirunda, tukatoa linta ya zamani, tukafunga nondo upya na kumwaga zege lililoingia ukutani ipasavyo kila upande, kisha mirunda ikaachwa siku 14 huku yeye akimwagilia asubuhi na jioni. Saruji na nondo zililipwa na chama, na tangu mwaka huo taarifa yetu ya fedha ina fungu linaloitwa marekebisho.