Somo: Kuhakiki jezi ya besiboli iliyovaliwa mchezoni

Tunazungumzia jezi za ligi kuu ya Marekani, MLB, zilizoingia uwanjani mgongoni mwa mchezaji. Andaa futi ya fundi, kioo cha kukuzia, taa ya urujuanimno (ile ya kukagulia noti bandia) na picha za mechi zenye ubora mkubwa.

1. Stika. Tangu 2001 MLB huweka wakaguzi viwanjani, nao hubandika stika ya hologramu yenye namba yake ya pekee. Ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya ligi, kisha soma maelezo yake neno kwa neno. Wengi huishia kufurahia stika. Ikiandikwa "ilitolewa na timu", jezi iliandaliwa kwa mchezaji, lakini hakuna aliyethibitisha kwamba aliivaa, na bei hushuka sana.

2. Lebo. Tazama kola na pindo la chini. Utakuta saizi ya namba, mfano 46 au 48, na pengine mwaka na namba ya seti (mchezaji hupewa seti kadhaa kwa msimu). Jezi za bei ghali za dukani nazo hutumia saizi za namba, kwa hiyo lebo peke yake si ushahidi. Kampuni ya Majestic ndiyo iliyovisha timu zote 2005 hadi 2019. Nike ilianza 2020, nembo ikiwa kifuani. Jezi ya "2018" yenye nembo hiyo kifuani imejiumbua yenyewe.

3. Mishono. Igeuze ndani nje. Jezi kuukuu zilipelekwa timu ndogo au mazoezini, zikabadilishwa majina na namba, kwa hiyo matundu ya sindano si kosa. Kosa ni jina fupi la nyota kukaa juu ya alama za jina refu. Kwenye jezi za flaneli (kitambaa chenye sufu), zilizoanza kuachwa 1970 timu ya Pittsburgh Pirates ilipohamia kitambaa cha kufumwa, washa taa: uzi unaong'aa kwenye namba huku mwingine wote umefifia unadai maelezo, huenda ulishonwa baadaye. Ila sabuni za kisasa nazo hung'arisha, basi usihukumu kwa taa tu.

4. Picha. Hapa ndipo kesi inapoamuliwa. Kwenye jezi ya milia, hakuna mbili zinazoshonwa sawasawa: mlia unakata ukingo wa namba mahali tofauti, na hukutana na mshono wa kifungo kwa namna tofauti. Chagua sehemu tatu au zaidi, ulinganishe. Isiyo na milia, tumia pembe ya namba na mkao wa kiraka cha mkononi. Madoa hufuliwa, mshono hubaki. Picha isipolingana, usikimbilie kusema ni feki. Mchezaji huwa na jezi kadhaa kwa msimu, tafuta mechi nyingine. Jezi ya Babe Ruth, nyota wa New York Yankees, ya Fainali za 1932 iliuzwa 2024 kwa dola milioni 24.12, na ulinganishaji wa picha ndio uliobeba hoja.

Maswali ya wanachama

Nimepata jezi ya Yankees kwenye mitumba, ina jina mgongoni. Ni ya mchezo?
Hapana, karibu kwa hakika. Yankees hawaandiki majina mgongoni, nyumbani wala ugenini. Waliandika tu kwenye Wikiendi ya Wachezaji, mechi za jezi maalumu, 2017 hadi 2019.

Namba 42 bila jina, nitajuaje ilivaliwa na nani?
Kila Aprili 15, tangu 2009, wachezaji wote huvaa 42 kumuenzi Jackie Robinson, mchezaji mweusi wa kwanza wa ligi hiyo enzi za kisasa. Namba haikusaidii, tegemea rekodi ya stika, saizi na picha.

Jina la timu limekosewa. Niitupe?
Usithubutu! Aprili 17, 2009, Ryan Zimmerman na Adam Dunn wa Washington Nationals walicheza na "Natinals" kifuani. Tafuta picha ya siku hiyo.

Ina utomvu wa msonobari begani, niufue?
Usifue. Utomvu huo hupakwa kwenye gongo lisiteleze, na mpigaji huliegemeza hapo, na doa hilo linaweza kulingana na picha. Ilaze kwenye boksi lisilo na asidi, mbali na jua, na kama ni ya sufu, ilinde na nondo.