Bomba la plastiki la kunyonya vumbi la mbao: tulifunge waya wa ethi?

Wenye karakana nyumbani wengi hutumia PVC ya inchi 4, bomba lile lile la majitaka. Vumbi likipita kwa kasi husuguana na plastiki, umemetuli (chaji ya umeme inayobaki palepale) unajikusanya, na ukigusa bomba linakurusha. Hofu ya mlipuko huanzia hapo. Msimamo wangu: waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, utauokoa mkono wako, lakini moto unazuiwa kwingine.

Hatua ya 1: ielewe plastiki. Kwenye chuma, chaji yote hukimbilia ardhini kupitia waya mmoja. Kwenye PVC haitembei, kwa hiyo waya huondoa ile ya pale unapogusa tu. Tena vumbi laini la mbao, ili lilipuke, linahitaji takriban gramu 40 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Bomba la inchi 4, hewa ikienda mita 20 kwa sekunde, hupitisha kama mita za ujazo 580 kwa saa. Piga hesabu: zingehitajika kilo 23 za vumbi laini kila saa! Msumeno wa meza wa nyumbani haufiki huko.

Hatua ya 2: anza na chuma. Kipande cha chuma kilichozungukwa na plastiki, kama klipu au kilango cha kufungia hewa, hukusanya chaji na kuitoa yote kwa mkupuo. Hiki ndicho cha kuogopa. Kila kimoja kipate waya hadi kwenye bodi ya mashine ya kunyonya vumbi, na mashine iwe na ethi ya kweli. Soketi kuwa na tundu la tatu si ushahidi. Mwite fundi umeme aipime.

Hatua ya 3: bomba la mpira lenye waya wa springi ndani, menya ncha zote mbili za waya uzifunge kwenye chuma.

Hatua ya 4: bado unarushwa? Zungushia waya wa shaba usio na ganda nje ya bomba, hasa pale unapopitisha mikono. Usiupitishe ndani: maranda yatanasa, na ukikatika utavutwa hadi kwenye feni.

Maswali ya wanachama

*Niko Tanga, mbona sijawahi kurushwa?*
Unyevu wa pwani unakusaidia, ndugu yangu. Mashine hiyo hiyo ukiipeleka Iringa wakati wa kiangazi utaona tofauti.

*Sasa fundi, moto unatoka wapi?*
Msumari uliosahaulika kwenye mbao za paleti. Unagongana na feni ya chuma, cheche inaangukia kwenye mfuko wa vumbi, inafuka taratibu na wewe umeshalala. Mwaga mfuko kila jioni kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, nje ya nyumba. Matambara yenye mafuta ya kitani nayo huwaka yenyewe yakirundikwa. Yaanike yakiwa yamekunjuliwa.

*Nikishafunga waya naweza kuacha barakoa?*
Hapana, tafadhali. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliainisha vumbi la mbao mwaka 1995 kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule na mninga huwasha pia pua na ngozi. Pesa ya waya ikibaki, nunua chujio bora.

*Mimi nina mashine kadhaa na vijana wa kazi.*
Hiyo si karakana ya nyumbani tena. Weka mabomba ya bati, yote yaunganishwe na ethi, na mfuko wa vumbi ukae nje ya jengo.