Somo: Kuvizia bata mwitu alfajiri, kama nilivyofunzwa na babu

Babu alinipeleka ziwani nikiwa na miaka 9. Bunduki nilikuja kuishika nikiwa na 13. Miaka minne ya katikati nilikuwa mbeba bata bandia tu, wale wa kuvutia bata hai watue, kwa hiyo mwenye haraka ya kufyatua somo hili litamchosha.

Hatua ya 1. Kibali na msimu malizana navyo mapema. Jioni ya kuamkia siku yenyewe nenda mikono mitupu, ukatazame bata wanatua wapi. Hapo ndipo utakapojificha, hata kama umependa kwingine penye kivuli.

Hatua ya 2. Fika kungali giza, upime upepo. Babu alikuwa ananyofoa jani kavu la tete, analisaga vidoleni, anaachia vumbi lake. Bata hutua wakiukabili upepo, kwa hiyo ukikupiga mgongoni watakujia vifua wazi, miguu ikining'inia.

Hatua ya 3. Elesha bata bandia katika makundi mawili, katikati acha uwazi wa wageni kutua. Wa mwisho awe kama mita 30 kutoka ulipo. Bata aliye mbali kuliko huyo mwache apite. Babu aliwachonga wetu kwa mbao. Mmoja alielea ubavu siku zote na hakukubali atupwe.

Hatua ya 4. Tulia. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Bata wana macho makali, na uso wa mtu hung'aa kwenye matete kama sahani. Mara ya kwanza kundi lilipotuzunguka niliinua kichwa niwahesabu. Nilisikia mbawa zikibadili mlio, kisha kimya. Babu hakunigombeza. Alinivuta kofia mpaka puani, nikakaa hivyo hadi jua likachomoza, nikijifunza kuwinda kwa masikio.

Hatua ya 5. Chagua mmoja, usifyatulie kundi. Lenga mbele yake, na bunduki iendelee kutembea naye hata baada ya kufyatua. Kifungio cha usalama usikifungue kabla kitako cha bunduki hakijafika begani.

MASWALI YA WANACHAMA

Marisau (vile vijipira vidogo vya bunduki) ya madini ya risasi bado yanafaa?
Achana nayo. Yakizama, bata huyameza wakidhani ni changarawe za kusagia chakula, na sumu yake inawaua. Marekani iliyapiga marufuku kwa uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991. Tumia ya chuma, ila ni mepesi: chukua saizi kubwa zaidi na usubiri wasogee.

Mtoto aanze na umri gani?
Mimi simpimi kwa miaka. Akiweza kukaa kwenye baridi bila kuuliza tunaondoka lini, yuko tayari kubeba bata bandia. Mzibe masikio tu. Mimi sikuzibwa, na la kushoto linavuma mpaka leo.

Bata wako wa kwanza ulimpata lini?
Mwaka ule ule wa bunduki, na nilimpiga vibaya. Akaangukia kwenye matete yuko hai. Tulimtafuta mpaka saa nne, babu maji yakiwa kiunoni, nami nilishasema mara mbili kwamba tumwache. Alipompata alimmaliza, akamfunga miguu kwa kamba ya yule bata wa ubavu, akanikabidhi nimbebe. Njia nzima hakusema neno.