Somo: Partner ni nani hasa, kabla hujamwita mtu hivyo

Wanakikundi wenzangu wa dagaa na mawese, leo neno moja tu, partner. Sisi huku Kigoma, Mwanga na Kibirizi, tunasema patna na kila mtu ni patna, anaekuuzia dagaa patna, anaekukopesha madumu patna, hata bodaboda wa mzigo nae patna. Kwenye stori haina shida ila ukiliandika kwa Kiingereza kwenye meseji ya biashara linabeba uzito mwingine kabisa.

Hatua ya 1. Mzizi wa neno ni Kilatini, maana yake kugawana. Kwaiyo jiulize, mimi na huyu tunagawana nini? Kama ni faida na hasara ya biashara moja, huyo ndo partner, yaani mbia. Anaekuuzia akachukua hela yake akaondoka ni muuzaji tu, anaekutafutia wateja kwa kamisheni ni dalali.

Hatua ya 2. Ukiandika my partner peke yake msomaji anaweza kuelewa mpenzi wako. Weka my business partner. Ubia wenyewe ni partnership.

Hatua ya 3, hapa nakaa kidogo. Kwa sheria yetu ya mikataba ubia ni watu kufanya biashara pamoja kwa lengo la faida, na unaweza kuwepo hata bila karatasi. Mmoja akikopa kwa ajili ya biashara, mdai anaweza kukufata wewe ulipe lote. Mimi nilimuandikia mteja wa ng'ambo ya ziwa kwamba kijana anaeninunulia dagaa ni my business partner, nilitaka tu aaminike, kijana akachukua advansi kwa jina letu akapotea, nikafatwa mimi na nikalipa. Iliniuma sana.

Hatua ya 4. Andikeni nani katoa nini, faida mnagawanaje, nani anaruhusiwa kukopa, mkiachana inakuaje. Msipokubaliana, sheria inawahesabu faida sawasawa hata kama mtaji wako ndo mkubwa. Jina la biashara mnasajili BRELA, yaani wakala wa serikali wa usajili wa biashara.

MASWALI

Mwalimu, mume wangu ana duka Ujiji mi ndo nauza, nami ni partner?
Mama, kuuza tu hakukufanyi mbia. Ila kama hela yako imo na faida mnagawana, hapo ubia unaweza kuwepo.

Wakongo wanasema partenaire, si lilelile?
Kaka, hicho ni Kifaransa, nacho kimelitoa kwenye Kiingereza hukohuko, ila wao wanalitumia kwa upana, hata mnaoshirikiana kazi moja tu. Waliochanga mtaji kwenye kampuni wanaitana associé, kwaiyo muulize anamaanisha lipi kabla hujasaini.

Nimemkopesha mtu mtaji wa mawese, ananilipa kidogokidogo kutoka kwenye faida, tayari mi partner?
Hapana dada, hilo peke yake halitoshi. Ila kwenye karatasi yenu neno mkopo lionekane, na patna lisiwepo hata mara moja.