Mguu wa dereva ndio unaokula gari: namna ya kuendesha bila kuchosha breki, gia na shoki

Padi za breki zikiisha haraka, wa kwanza kulaumiwa ni muuza spea. Spea mbovu zipo, ila kwa gari linalopanda na kushuka kati ya Nakuru, Kericho na Kisumu, mguu wa dereva huharibu zaidi. Mwongozo huu ni wa magari madogo ya petroli tuliyonayo wengi: Probox, Fielder, Axio, Demio na mengine ya aina hiyo.

Hatua ya 1: Kuwasha asubuhi

Washa, subiri sekunde 30 hadi dakika moja, ondoka taratibu. Hiyo inatosha hata kwa baridi ya Molo au Timboroa. Usipitishe mizunguko 2,500 kwa dakika mpaka taa ya buluu izimike au mshale wa joto ufike mahali pake. Kuliacha gari likinguruma dakika kumi hakulisaidii: injini hupata joto polepole, na petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda.

Hatua ya 2: Gia

Kwa otomatiki: usitoe R (kurudi nyuma) kuingia D (kwenda mbele) gari likiwa bado linarudi nyuma. Simama kabisa kwanza. Ukiegesha kwenye mwinuko, fuata mpangilio huu: kanyaga breki, weka N (nyutro), vuta hendibreki, achia breki, kisha ndipo uweke P (ya kuegesha). Ukitanguliza P, uzito wote wa gari unaning'inia kwenye kijino kimoja cha chuma ndani ya giaboksi. Ule mshindo unaosikika ukitoa P asubuhi ni kijino hicho kikichomoka kwa nguvu.

Kwa gia za mkono: mguu usipumzike juu ya klachi, na usilishikilie gari mlimani kwa klachi. Kazi hiyo ni ya hendibreki.

Hatua ya 3: Mteremko

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na maisha pia. Kutoka Kericho hadi Ahero barabara inashuka zaidi ya mita 800. Mau Summit hadi Salgaa ni mteremko mrefu usioonekana mkali, na ndiyo hatari yake. Nandi Hills kwenda Chemelil ni kona juu ya kona. Nguvu ya mshuko huo lazima iishie mahali: ama ndani ya injini, ama kwenye padi kama moto.

Punguza mwendo kabla mteremko haujaanza. Kwa otomatiki ya gia nne, bonyeza kitufe cha O/D (overdrive, yaani gia ya juu kabisa) mpaka taa ya O/D OFF iwake kwenye dashibodi. Gari litabaki gia ya tatu. Likizidi kukimbia, shuka chini ya kilomita 80 kwa saa kisha uweke 2. L ni ya chini ya kilomita 40 tu. Kwa giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) tumia S au B, chochote ilicho nacho. Haibridi ina B; betri ikijaa, injini itaanza kunguruma kwa sauti, na hilo si kosa.

Mizunguko itapanda hadi 3,000 au 4,000. Wengi huogopa sauti hiyo na kurudisha D. Usirudishe. Injini nyingi za petroli za magari haya zina mstari mwekundu kuanzia 6,000 hivi, kwa hiyo hapo bado iko salama. Ila barabara ikiwa na maji, shusha gia moja moja, tena kwa upole, kwa sababu tairi zinaweza kuteleza.

Breki sasa. Usiweke mguu juu yake njia nzima ukiigusagusa. Gari likifika 70, kanyaga kwa uthabiti hadi 55, kisha achia kabisa ili diski zipate upepo. Rudia hivyo mpaka chini.

Kuteremka kwa nyutro ili kuokoa mafuta ni imani potofu, na ikome. Gari la kisasa likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, nozeli hukata petroli. Ukiweka nyutro, lazima zinyunyize ili injini isizime. Kwa hiyo unachoma mafuta zaidi na breki zinabeba kila kitu peke yake.

Ukisikia harufu ya kuungua, au pedeli ya breki ikianza kuzama, shusha gia, tafuta pa kutokea na usimame. Zuia magurudumu kwa mawe na uweke P. Usimwagie diski maji, zitapinda. Acha zipoe zenyewe kwa nusu saa.

Pedeli ikizama hivyo, mara nyingi mafuta ya breki yamechemka. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 (DOT ni daraja la mafuta ya breki, huandikwa kwenye chupa) mapya hustahimili hadi nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi karibu 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakishanyonya maji. Binafsi nasema DOT 4 kwa yeyote anayeshuka milima hii kila wiki, na yabadilishwe yote kila miaka miwili. Kuongezea juu tu hakutoshi.

Ukifika chini, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ya mbele ikiwa na moto kuliko mwenzake, kalipa (kifaa kinachobana padi kwenye diski) imekwama. Pini zake zinahitaji kusafishwa na kupakwa grisi ya silikoni ya breki. Fundi akichota grisi ya kawaida ya bearingi, mkataze: hiyo huvimbisha mipira na pini zitakwama tena.

Hatua ya 4: Matuta na mashimo

Kanyaga breki kabla ya shimo, uachie gurudumu likikaribia ukingo. Breki ikiwa bado imekanyagwa, pua ya gari imelala, shoki imebanwa, na kishindo chote kinaenda kwenye bushi na boljointi. Tuta lipande kwa magurudumu yote mawili sawasawa, isipokuwa gari likiwa chini sana.

Hatua ya 5: Usukani

Usiuzungushe gari likiwa limesimama. Ukiufikisha mwisho, urudishe kidogo.

Hatua ya 6: Upepo na mafuta

Nunua kipimo chako cha upepo. Vya vituo vya mafuta hugongwa na kuangushwa kila siku, sivitegemei. Pima tairi zikiwa baridi, ufuate kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kikiandika 220 kPa, hiyo ni 32 kwa psi. Ukibeba mzigo, angalia safu ya mzigo.

Tangi lisishuke chini ya robo. Pampu imo ndani ya tangi na hupozwa na petroli hiyo hiyo. Likikaribia kukauka, pampu hupata moto, na kwenye mwinuko huvuta hewa.