Jinsi ya kukaa na ndugu anayekaribia kufa na kumpa tumaini la uzima wa milele bila kumdanganya

Mgonjwa akisharudishwa nyumbani na madaktari wakasema hapa tumefika mwisho, wageni wengi huwa wanaingia na matunda mkononi na neno moja mdomoni, utapona tu kwa jina la Yesu. Sisemi Mungu haponyi, anaponya sana. Ila mtu ambaye mwili wake unamwambia kila usiku kwamba anaondoka, halafu kila anayeingia mlangoni anamwambia atapona, anakosa hata mmoja wa kuongea naye kuhusu kitu kinachomtisha kuliko vyote. Na sisi Wakristo ndo hatukupaswa kukikimbia kifo, maana imani yetu imeanzia kaburini, kwa Bwana aliyekufa kweli, akazikwa, siku ya tatu akafufuka.

Kwa hiyo ukienda, kwanza kaa. Vuta kiti au stuli uwe usawa wa macho yake, usimsimamie kama daktari wa raundi. Mshike mkono kama hana shida nao. Marafiki wa Ayubu siku saba za mwanzo walikaa naye chini bila kusema neno, na walipoanza kuongea ndo wakaharibu, soma mwenyewe uone. Simu weka kimya.

Halafu muulize swali moja la wazi, kwa lugha anayoizoea, "mama, kuna kitu kinakusumbua moyoni?" au "shemeji, unaogopa nini hasa?" Ukishauliza nyamaza, hata kama atachukua dakika nyingi. Usikimbilie kujibu kwa mstari wa Biblia, maana hofu za watu wanaokufa hazifanani na ukitoa jibu kabla hujasikia utajibu hofu yako wewe.

Akisema anaogopa maumivu, hapo usihubiri, tafuta dawa. Ongea na nesi au daktari kuhusu tiba shufaa, yaani ile ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona, uliza kuhusu mofini ya maji, dawa kali ya maumivu ya kunywa. Uganda wamekuwa wakiitumia majumbani tangu miaka ya 1990 na watu wanaondoka wakiwa wametulia, wanaongea na watoto wao mpaka karibu na mwisho. Kuna watu bado wanadhani kuvumilia maumivu ndo imani, mimi nakataa kabisa, Yesu hakumpita mtu yeyote aliyelia kwa maumivu akamwambia jikaze.

Akisema anaogopea watoto, ita ndugu zake pale pale waseme mbele yake nani atasimamia ada, nani atabaki na mdogo, na kile kiwanja kiandikwe vizuri. Hilo nalo ni huduma, tena roho yake ikishatulia kwenye hilo ndo masikio yake yanafunguka kusikia ya mbinguni.

Ila kuna hofu moja ambayo wengi hawaisemi mpaka muwe mmebaki wawili tu. "Mimi nimefanya mabaya mengi, atanipokea kweli?" Hapa ndo ufungue Luka 23, yule mhalifu aliyesulubiwa pembeni ya Yesu. Msomee taratibu. Mwambie huyu mtu hakuwa na muda wa kubatizwa, wala wa kurudisha alichoiba, wala wa kwenda ibada hata moja, alichokuwa nacho ni pumzi ya kusema "nikumbuke", na akajibiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi". Leo. Usiongeze masharti ambayo Yesu hakuyaweka pale msalabani. Kama anataka kuungama, muite mchungaji au padri haraka usisubiri Jumapili, Mkatoliki apate Mpako wa Wagonjwa na Komunyo, Mlutheri au Mwanglikana apewe Chakula cha Bwana hapo hapo kitandani, na wazee wa kanisa waje waombe kama Yakobo alivyoagiza. Kama kuna mtu wamekosana naye, mpigie simu huyo mtu, hata akiwa mbali wasikilizishane sauti.

Siku nyingine usisome mengi. Zaburi 23 peke yake inatosha, au mwanzo wa Yohana 14, nyumbani mwa Baba yangu mna makao mengi. Akiwa hawezi tena kujibu endelea kuongea naye, manesi wengi watakwambia masikio ndo yanachelewa kuzima. Imba taratibu wimbo anaoupenda, taja jina lake, mwambie tunakupenda, nenda kwa amani. Na tafadhali mzuie yule anayekuja kukemea roho ya mauti kwa kelele kichwani mwa mtu anayevuta pumzi za mwisho.

Akishalala, acheni watu walie. Yesu alijua kabisa dakika chache zijazo anamtoa Lazaro kaburini akiwa na siku nne, na bado alilia machozi. Paulo naye aliwaandikia Wathesalonike waliokuwa wanahangaika na ndugu zao waliokufa, hakuwaambia msihuzunike, aliwaambia msihuzunike kama wasio na matumaini, ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwa hiyo neno jikaze liache getini. Acha pia kumwambia mtoto kwamba Mungu amempenda mama yako zaidi, mtoto atamchukia Mungu na atakuwa na sababu. Hata lile la Bwana alitoa na Bwana ametwaa, angalia nani alilisema, ni Ayubu mwenyewe mfiwa, hakuambiwa na mgeni aliyekuja kula msibani.

Ukipewa nafasi ya kusema neno makaburini sema fupi, na sema ufufuo, usiishie kwenye roho tu kwenda mahali pazuri. Biblia inakiita kifo adui, adui wa mwisho, na inasema atabatilishwa. Mwili huu mnaoufukia Mungu hajautupa, 1 Wakorintho 15 inasema unapandwa katika uharibifu, unafufuliwa katika kutokuharibika, ndo maana tunauosha, tunauvalisha, tunauzika kwa heshima.

Baada ya hapo turubai linashushwa, grupu la WhatsApp la michango linafungwa, watu wanarudi kwenye kazi zao, na hapo ndo mjane au baba mwenye watoto anaanza kuusikia ukimya wa nyumba. Nenda wiki hizo, nenda jioni maana jioni ndo ngumu, nenda na unga au sukari kama unaweza, mtaje marehemu kwa jina lake bila woga, mwache akusimulie hadithi ile ile tena na tena, na kabla hujaondoka muulize kama angependa muombe pamoja, akisema leo hapana, muage vizuri na umwambie siku gani utarudi.