Kazi uliyonayo ni ya kuzeekea au ya kupita tu? Jipime kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Kuna swali linawatesa sana vijana wenye miaka miwili mitatu kazini, nikae hapa au nitafute kingine, na wengi wanalijibu vibaya kwa sababu wanajiuliza siku mbaya. Jumatatu asubuhi umesimama kwenye mwendokasi toka Kimara mpaka Kivukoni, kwapa la mtu liko puani kwako, hapo hata ungekuwa waziri ungeona kazi haifai. Tarehe 25 mshahara umeingia, ghafla kazi tamu na bosi ni mtu mzuri tu. Hizo siku mbili zote usizitumie kuamua kitu. Subiri siku ya kawaida kabisa, katikati ya mwezi, hujagombana na mtu, umekula umeshiba, ndo ukae ujiulize.

Nitatumia mfano wa keshia wa benki kwa sababu ni kazi ambayo watu wa nje wanaitamani, tai, kiyoyozi, kiti cha kuzunguka, na walio ndani wengi ndo hao hao wanaouliza hili swali. Wewe kama ni nesi, fundi umeme, mwalimu wa shule binafsi au mtu wa mauzo, badilisha majina tu, hesabu ni ile ile.

Cha kwanza ni kutenganisha bosi na kazi yenyewe. Fikiria kesho asubuhi bosi wako kahamishiwa tawi la Sumbawanga, kaja mwingine mtu wa watu, anasalimia, anasikiliza. Je, bado hutaki kuamka? Kama umeshusha pumzi hapo hapo basi tatizo lako lilikuwa bosi, na mabosi wanahama, wanastaafu, wanatumbuliwa, usiache fani kwa ajili ya mtu mmoja. Kama hata na bosi mpya unaona ni yale yale, tatizo ni kazi. Na usicheke, kuna wengine tatizo ni umbali tu, mtu anakaa Mbagala anafanya kazi Mikocheni, akipanga chumba Mwananyamala maswali yote yanaisha.

Baada ya hapo tafuta kile kipande kibaya cha kazi yako ambacho hakitoki. Kwa keshia ni jioni. Mlango wa wateja umefungwa, anahesabu noti za elfu kumi kumi, anafunga vibunda vya noti mia mia, kila kibunda milioni moja, halafu analinganisha na sistimu inavyosema. Ikitimia anachukua begi anaenda. Isipotimia, tuseme imepungua laki moja, haondoki, anarudia slipu moja moja, anakumbuka yule mama wa kitenge cha bluu, au yule kijana aliyekuja foleni ikiwa ndefu saa saba mchana, na ikishindikana kuonekana hiyo ni shoti na inamhusu yeye. Sasa kuna mtu ambaye hiyo saa ya kubalansi inamla roho miaka yote, anafika nyumbani watoto wanamwongelesha yeye bado anahesabu. Na kuna mwingine anaipenda, ile namba ikikaa sawa mpaka shilingi ya mwisho anajisikia kama timu yake imefunga dakika ya 90. Wote wawili wana mshahara ule ule. Huyo wa kwanza hata apandishwe cheo bado atakuwa kwenye jengo ambalo pesa ya watu lazima itimie kila siku, ye atafute mapema pa kwenda.

Kila kazi ina kipande cha hivyo. Nesi ana zamu za usiku, mwalimu ana madaftari ya kusahihisha, dereva wa masafa ana kulala Tunduma kwenye foleni ya mpaka. Usijiulize kama unapenda kazi yako, maana sehemu nzuri kila mtu anaipenda. Jiulize kama hicho kipande kibaya unakibeba bila kuugua.

Sasa tuje kwenye kipimo ambacho mimi nakiamini kuliko vyote, na kama huna muda wa kufanya vingine fanya hiki tu. Mtafute mtu aliyekaa pale ambapo wewe utakuwa miaka 10 ijayo ukiendelea hivi hivi, umwangalie vizuri. Sio yule aliyefanikiwa kupita wote anayetolewa mfano kwenye mikutano, mtazame wa kawaida. Kwenye tawi la benki utawaona wote kwa pamoja: kuna keshia wa miaka 12 bado yuko kaunta ile ile, kuna mkuu wa makeshia mwenye funguo za strongrumu, chumba cha kuhifadhia pesa, ambaye hawezi kuumwa ghafla, kuna afisa mikopo anayeshinda juani anafuatilia marejesho, kuna meneja wa tawi mwenye simu mbili na tageti ya amana inayomfuata mpaka kanisani. Angalia anaondoka saa ngapi. Angalia anaongea vipi na simu ya nyumbani. Angalia siku ya Ijumaa ana uso gani. Halafu jiambie ukweli, haya maisha nayataka au siyataki? Maana hayo ndo unayoyaendea, ukiyakataa huku unaendelea kukaa unajidanganya.

Halafu muulize. Watu wanaogopa kuuliza lakini wakubwa wengi kazini wanapenda kuulizwa, shida ni namna. Usimvamie mbele za watu na usianze na habari ya mshahara, hiyo hatakujibu na atakuona huna adabu. Muda wa chakula, mko wawili, unamwambia shikamoo dada, naomba unishauri kitu, mimi bado mdogo humu ndani. Muulize, aliyepandishwa cheo mara ya mwisho hapa alipandishwa kwa sababu gani? Hilo swali ni zuri kuliko yote, kwa sababu jibu lake litakwambia kama ofisi yenu inapandisha watu kwa mitihani, kwa mauzo, kwa miaka, au kwa kujuana. Muulize pia, angekuwa na umri wako leo angeanzia hapa? Akikaa kimya kidogo kabla ya kujibu, umeshajibiwa. Na kama ukitazama mbele huoni mtu kabisa, wote wenye uzoefu wameondoka mmebaki vijana watupu wa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, hilo nalo ni jibu. Hapo hakuna ngazi ya kupanda.

Kitu kingine watu wanakisahau ni kwamba wewe unaweza kuipenda kazi lakini kazi yenyewe inaondoka. Huyu keshia wetu, kabla ya 2008 ukitaka kumtumia mama pesa kijijini ulikuwa unahangaika na kondakta wa basi au unapanga foleni. M-Pesa ikaingia Tanzania mwaka 2008, mitandao mingine ikafuata, halafu 2013 Benki Kuu ikatoa mwongozo wa mawakala wa benki, sa hivi mtu wa laki mbili haji tena tawini, anamaliza kwa wakala pale nje ya duka la Mangi saa mbili usiku akiwa na kandambili. Kaunta haijafa, wafanyabiashara wa Kariakoo bado wanakuja na mifuko, ila wanaohitajika kaunta wanapungua na wanaohitajika kwenye mikopo, udhibiti wa ndani, kadi na kusimamia hao hao mawakala wanaongezeka. Kwa hiyo jibu la huyu kijana linaweza kuwa benki ndio, kaunta hapana. Na hili ndo jibu la watu wengi sana kuliko wanavyodhani, yaani fani ni yako ila kiti sio chako. Hapo huachi kazi, unahama ndani kwa ndani. Ingia mitihani ya TIOB, taasisi ya watu wa benki, au kama unapenda mahesabu kweli anza CPA, ile ya uhasibu, NBAA, yaani bodi ya wahasibu, wanafanyisha mitihani Mei na Novemba. Na nikupe kipimo cha bure: kama wazo la kusomea hiyo fani jioni baada ya kazi kwa miaka miwili linakuchosha hata kabla hujalipia fomu, fani sio yako.

Sasa toa salari slipu yako. Sio ya kuangalia namba ya chini tu, isome yote. Tuseme mshahara ni 800,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 yako ni 80,000, na mwajiri anaweka yake hapo. PAYE, yaani kodi ya mshahara, kwa viwango vya Julai 2021, baada ya kutoa hiyo NSSF, inakuja 60,000. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya mikopo ya wanafunzi wanakata asilimia 15, hiyo ni 120,000. Umebaki na 540,000, bado mkopo wa stafu. Huo mkopo wa stafu ndo naomba tukae nao kidogo, kwa sababu ndo umeshawaamulia watu wengi hili swali bila wao kujua. Benki inakupa mkopo wa riba ndogo kwa sababu we ni mfanyakazi, unachukua wa miaka sita unanunua gari, Ist, na kiwanja Chanika, raha. Siku ukitaka kuondoka unasoma mkataba vizuri unakuta kwamba ukitoka riba inapanda kuwa ya mteja wa kawaida, au unatakiwa kulipa lote. Basi unakaa. Miaka sita inaisha, umezoea, unachukua mwingine. Sisemi usikope, ila kama bado hujaamua kuhusu kazi, usikope kwa muda mrefu kuliko muda uliojipa wa kuamua. Ukijipa miaka miwili, mkopo wako usizidi miaka miwili. Ist itasubiri.

Ukishaona kwamba unataka kwenda kwingine, kajaribu huko kwanza, na kajaribu upande mchafu. Mimi hii habari ya fuata ndoto yako siiamini sana, kwa sababu mtu anaota upande mzuri tu. Unataka kufuga kuku? Usiende kwa mfugaji siku ya kukusanya mayai, nenda wiki ambayo ugonjwa wa mdondo umepita, banda limebaki manyoya, umsikilize anavyohesabu hasara. Ukitoka hapo bado unataka, basi unataka kweli. Unataka kuwa mwanasheria, kashinde mahakamani siku nzima uone kesi zinavyoahirishwa. Sheria inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka, chukua sehemu yake ufanye hicho kitu kikamilifu badala ya kwenda kulala kijijini. Wengi wakirudi kutoka huko wanakuta kazi yao ya zamani ina ladha, na hiyo pia ni faida.

Halafu andika tarehe. Sio kichwani, kwenye daftari au simu, kwa mfano: ikifika Juni mwakani sijahamishwa idara na sijafaulu somo hata moja, naanza kutuma maombi. Mwonyeshe mtu mmoja tu anayeweza kukuuliza bila kukuonea aibu, mke, mume, kaka yako. Bila tarehe utakuwa unasema mwakani, mwakani, mpaka unapewa saa ya ukutani ya kustaafu ukiwa na miaka 60.

Ukiamua kubaki, baki kweli, acha kuwaambia wenzako kila siku kwamba we uko hapa kwa muda tu, maana hata wanaopanga nani apelekwe mafunzo wanasikia.

Ukiamua kuondoka, ondoka kwa utaratibu. Hii fasheni ya kuacha kazi kwa notisi ya saa 24 inauma kwenye mfuko. Kama unalipwa kwa mwezi, notisi kisheria sio chini ya siku 28, na mkataba wako unaweza kusema zaidi, usome. Kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka 10, ni cha aliyeachishwa na mwajiri, ukiacha mwenyewe usikiweke kwenye bajeti. Fao la kukosa ajira nalo hivyo hivyo, halimhusu aliyeandika barua kwa mkono wake. Na michango ya NSSF usidhani utaichota yote ukafungulie duka, inabaki kule na ukipata ajira nyingine unaendelea pale pale, pensheni inataka miezi 180 ya michango, kwa hiyo kabla hujaondoka hakikisha mwajiri amepeleka kila mwezi, taarifa ya michango omba NSSF wenyewe, usiridhike na kilichoandikwa kwenye slipu. Ukikuta miezi imeruka, idai ukiwa bado ndani una kitambulisho. Na usitoke getini siku ya mwisho bila cheti cha utumishi, kile kinachoonyesha ulifanya kazi hapo, ni haki yako kisheria, sio hisani ya mtu. Ukiacha ukaja kukifuata mwaka kesho utakuta watu wa utumishi wamebadilika wote na faili lako hakuna anayejua liko kabati gani.